Kumhamisha Mbwa au Paka kutoka Tanga Kwenda Nchi ya Nje: Mwongozo Kamili

Watu wengi huanza na tiketi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mbwa au paka anayetoka Tanga kwenda Ulaya anahitaji zaidi ya miezi minne ya maandalizi hata kama ana afya njema kabisa. Sehemu kubwa ya muda huo ni kungoja: chanjo ikomae, majibu ya damu yarudi, tarehe ifike. Hakuna ada ya kuharakisha. Hatua zenyewe zina mpangilio ambao haupinduliwi: chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha chanjo, kisha kipimo cha damu, kisha cheti cha afya. Ukichanja leo na kuweka chipu wiki ijayo, chanjo hiyo haihesabiki, nawe unarudi mwanzo.

Chanzo cha ugumu wote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu bado upo Tanzania, kwa hiyo Umoja wa Ulaya na Uingereza hawaitambui katika orodha ya nchi zenye masharti mepesi, na Marekani inaiweka kwenye kundi la nchi za hatari kubwa. Mnyama wako anatazamwa kwa nchi anayotoka, si kwa jinsi unavyomtunza.

Jua masharti ya unakokwenda kabla ya kugusa kitu

Kwa nchi za Umoja wa Ulaya masharti ni haya: chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa mnyama akiwa na wiki 12 au zaidi, damu itolewe baada ya siku 30 au zaidi tangu chanjo, kipimo kionyeshe kinga isiyopungua 0.5 IU (kipimo cha kimataifa) kwa mililita. Halafu miezi mitatu kamili ipite tangu siku damu ilipotolewa. Miezi hiyo haihesabiwi tangu majibu yalipofika, na wengi hukosea hapo. Mwenye mnyama asafiri ndani ya siku tano kabla au baada ya mnyama wake. Muda huo ukizidi, safari inahesabiwa ya biashara na cheti chake ni kingine kabisa.

Uingereza inafanana na hayo, ila mnyama anaingia kama mzigo wa ndege wenye hati, kwa kampuni na njia zilizoidhinishwa. Hutapanda naye kwenye viti. Mwombee mapema msamaha wa kodi unaotolewa kwa anayehamia, la sivyo utadaiwa ushuru kana kwamba umeingiza bidhaa.

Marekani inatenganisha mbwa na paka. Tangu 1 Agosti 2024 mbwa lazima awe na umri wa miezi sita au zaidi, chipu, na fomu ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inayojazwa mtandaoni. Aliyechanjwa Tanzania anahitaji pia fomu ya chanjo na chipu iliyothibitishwa na daktari wa mifugo wa serikali, na nafasi iliyowekwa mapema kwenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC. Vituo hivyo viko kwenye viwanja vichache tu vya ndege, kwa hiyo tiketi inafuata kituo. Akiwa na kipimo cha damu, kilichotolewa siku 28 au zaidi kabla ya kuingia, anakaguliwa na kuchanjwa tena pale, kisha anaachiwa. Asipokuwa nacho anakaa karantini siku 28 kwa gharama yako. Kwa paka, CDC haidai chanjo ya kichaa cha mbwa, lakini jimbo au shirika la ndege linaweza kuidai.

Afrika Kusini inataka kibali cha kuingiza, na kwa mbwa inataka vipimo vya damu vya magonjwa matano, ikiwemo minyoo ya moyo na trypanosoma, vimelea vya damu. Japani ina chanjo mbili na kungoja siku 180. Australia haipokei mnyama moja kwa moja kutoka Tanzania: anapita kwanza nchi iliyoidhinishwa na kukaa huko, na hesabu yake ni ya nusu mwaka na zaidi. Kenya ndiyo nyepesi. Omba kibali cha mamlaka ya mifugo ya Kenya kabla hujaondoka, beba cheti cha afya cha Tanzania na kadi ya chanjo, kisha upite Horohoro. Wako wanaodhani kumpeleka mnyama Mombasa kwanza kutafupisha njia ya Ulaya. Hakufupishi, maana Kenya nayo haimo kwenye orodha ya Ulaya ya nchi zenye masharti mepesi.

Chipu

Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, kinachopigwa kwa sindano nene chini ya ngozi katikati ya mabega. Iwe ya kiwango cha ISO 11784 na 11785, yenye tarakimu 15. Zipo chipu za bei rahisi zenye tarakimu tisa au kumi, na hizo zitakufedhehesha uwanjani kwa sababu skana ya huko haizioni.

Si kila kliniki ya Tanga ina skana, kwa hiyo uliza kabla ya kwenda. Daktari apitishe skana mara tatu: kabla ya kudunga chipu, kuhakikisha mnyama hana nyingine, chipu ikiwa bado kwenye pakiti, na ikishaingia mwilini. Skana ipitishwe polepole, karibu na manyoya, toka shingoni hadi mgongoni na kushuka kwenye mabega yote mawili, kwa sababu chipu huweza kuteleza chini ya ngozi hadi karibu na kiwiko. Namba ikitokea kwenye kioo, mmoja aisome kwa sauti, mwingine aifuate kwenye karatasi, tarakimu moja moja. Kosa la 6 kuwa 8 ni dogo machoni, lakini afisa wa forodha ana haki ya kusema huyu si mnyama aliyechanjwa. Pakiti ya chipu huwa na stika za ziada zenye msimbo-pau. Zibandike kwenye kadi ya chanjo na kwenye fomu ya maabara, zisiandikwe kwa mkono kila mara.

Chanjo

Ifanyike siku ileile ya chipu au baadaye. Kadi iwe na namba ya chipu, tarehe ya chipu, jina la chanjo, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuchanja, tarehe ya mwisho wa uhai wake, muhuri na sahihi. Kadi za kampeni za chanjo ya bure mtaani ni jambo jema mno kwa afya ya jamii, lakini kwa kawaida hazina namba ya chipu, kwa hiyo kwa safari hii hazitoshi. Mchanje upya.

Ushauri wetu kwa mnyama anayechanjwa kwa mara ya kwanza, hasa mtoto: mpe dozi mbili zilizoachana kama wiki nne, damu itolewe mwezi mmoja baada ya ile ya pili. Sheria hairuhusu kuruka siku 30, lakini haikulazimishi dozi mbili. Sababu ni ya kitabibu: dozi moja huacha wanyama kadhaa chini ya 0.5, na mmoja wao akiwa wako, umepoteza si chini ya miezi miwili. Angalia pia ubaridi wa chanjo. Inakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika siku nzima na friji ya duka ikawa na joto, chanjo ile imekufa ingawa chupa inaonekana nzima. Mwombe daktari akuonyeshe kipimajoto cha friji. Si kumkosea heshima, naye akiwa makini hatakasirika.

Tangu hapo chanjo isilale hata siku moja. Ikirudiwa kabla ya tarehe ya mwisho, kipimo cha damu kinaendelea kuwa halali kwa Ulaya. Ikipita siku moja, kipimo kimekufa pamoja nayo.

Damu

Daktari anatoa mililita 3 hadi 5 kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Damu inaachwa igande, inazungushwa kwenye mashine, na yale maji ya manjano juu, yaani serumu, yanahamishiwa kwenye kichupa kingine. Maabara nyingi zinatosheka na mililita moja. Ikionekana ya pinki au nyekundu, chembe zimepasuka na maabara inaweza kuikataa: huenda sirinji ilivutwa kwa nguvu, chupa ilitikiswa, au damu ilikaa garini kwenye jua la saa nane mchana. Serumu ikae kwenye friji na isafiri na vipande vya barafu vilivyofungwa, kwa msafirishaji anayepokea sampuli za kibaolojia.

Maabara yenyewe lazima iwe kwenye orodha ya nchi unayokwenda. Orodha ya Ulaya na ile ya Marekani hazifanani, na hubadilika, kwa hiyo itazame wiki ileile unayotoa damu. Iulize maabara pia kama nchi yake inadai kibali cha kuingiza serumu. Sampuli iliyozuiwa forodhani wiki mbili bila barafu haina maana tena.

Mfano wa kalenda, tuseme safari ya Ujerumani: chipu na chanjo 5 Januari. Damu 6 Februari, siku ya 32. Majibu yakifika Machi ni sawa, maana siku ya kuingia ni kuanzia 6 Mei. Mbwa huyohuyo angekuwa anakwenda Marekani, angeweza kuingia kuanzia 6 Machi. Na chanjo lazima irudiwe kabla ya Januari inayofuata, safari iwe imefanyika au haijafanyika.

Kupe, mbung'o na minyoo

Tumieni miezi ya kungoja kumsafisha mnyama, maana pwani yetu ina mengi. Mbwa wa Tanga hubeba magonjwa ya kupe kama ehrlichia na babesia bila dalili kubwa, kisha uchovu wa safari unayaamsha. Anayeishi upande wa Pangani na Saadani, au anayefuatana na ng'ombe, apimwe pia ugonjwa wa mbung'o. Jicho likigeuka la buluu kama lina ukungu, usingoje. Kuna pia minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu. Vipimo hivi vifanyike miezi miwili kabla, ili matibabu yapate nafasi.

Onyo moja kwa wenye paka, na tunalisema kwa uzito: dawa za kupe za mbwa zenye permethrin, na dawa za kuogeshea ng'ombe ambazo watu hupaka wanyama wa nyumbani, zinaua paka. Tone alilopakwa mbwa linatosha kumdhuru paka anayelala naye.

Kwa mbwa anayekwenda Uingereza, Ireland, Finland, Malta au Norway kuna dawa ya tegu yenye praziquantel, inayotolewa na daktari na kuandikwa na saa yake, kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia. Ndege ikitua Jumamosi saa 12 asubuhi, dirisha liko wazi kuanzia Jumatatu saa 12 asubuhi hadi Ijumaa saa 12 asubuhi. Chagua Jumatano mchana: ndege ikichelewa siku moja, bado uko ndani.

Kreti

Kreti ni sanduku la kusafiria la mnyama, na hapa ndipo wanyama wengi wanapokataliwa uwanjani. Vipimo vya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, havikadiriwi kwa macho. Msimamishe mbwa sakafuni, miguu imenyooka, mtu mmoja amshike kidevu. Kwa tepu ya fundi cherehani pima pua hadi shina la mkia; sakafu hadi kiwiko cha mguu wa mbele; upana wa mabega; na sakafu hadi juu ya kichwa, au ncha ya masikio kama yamesimama. Urefu wa ndani wa kreti ni kipimo cha kwanza kujumlisha nusu ya kiwiko. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni kile cha kichwa kujumlisha matandiko.

Chukua mbwa wa kienyeji wa kilo 20: pua hadi mkia sentimita 75, kiwiko 34, mabega 24, kichwa 62. Kreti yake ni urefu 75 na 17, yaani 92, upana 48, kimo 62 na 7 za matandiko, yaani 69. Sasa zidisha 92 kwa 48 kwa 69, ugawanye kwa 6,000: unapata karibu kilo 51. Hiyo ndiyo kilo utakayolipia kwenye mzigo wa ndege, si zile 20. Bei inafuata ukubwa wa kreti, na ndiyo maana watu hushawishika kununua ndogo. Mbwa asiyeweza kugeuka na kusimama bila kugusa paa atarudishwa nyumbani, na pesa ya nafasi imekwenda.

Kreti ya plastiki iwe na mlango wa chuma na nusu zake zifungwe kwa nati na bolti, si kwa vibano vya plastiki. Matundu ya hewa yawe pande zote nne. Magurudumu yatolewe. Bakuli mbili zifungwe ndani ya mlango kwa namna ya kujazwa kutoka nje bila kufungua.

Mbwa mkubwa atahitaji kreti ya kutengenezwa, na mafundi seremala wa Tanga wanaiweza vizuri ukiwapa mchoro. Angalia mbao tu. Mbao nzima lazima iwe imepitishwa kwenye joto na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia, la sivyo nchi nyingi zitaikataa kwa hofu ya wadudu. Plaiwudi imesamehewa sharti hilo. Basi kuta ziwe za plaiwudi, na fremu ya mbao yenye muhuri au ya chuma. Misumari isitokeze ndani hata kidogo: pitisha kiganja ukutani kote, kisha pitisha kitambaa chepesi. Kinaponasa, mnyama naye atanasa.

Ndani weka pedi zinazofyonza mkojo na kanga uliyoivaa siku mbili bila kufua. Nyasi kavu usiweke, nchi nyingi zinazikataa. Nje, lebo ya wanyama hai yenye herufi za sentimita 2.5 au zaidi, mishale ya kuonyesha upande wa juu, jina la mnyama, namba ya chipu, simu ya anayesafirisha na ya anayepokea.

Kumzoesha

Mbwa wetu wengi hulala uani na hawajawahi kufungiwa mahali padogo. Mpe wiki sita. Wiki ya kwanza kreti iwe wazi, bila mlango, barazani anapolala, na chakula chake chote kiliwe humo. Kisha rudisha mlango bila kuufunga. Kisha funga anapokula na ufungue kabla hajaanza kulalamika. Ongeza dakika kumi, nusu saa, saa moja, halafu usiku mzima. Akilia, ngoja anyamaze hata sekunde tatu ndipo ufungue, maana ukifungua kwenye kilio umemfundisha kulia. Mwishoni mpakie kwenye gari ndani ya kreti, nendeni hadi Pongwe mrudi.

Paka anafuata njia hiyohiyo, ila yeye hupenda kreti iwe juu ya meza na ifunikwe nusu kwa kitambaa.

Usimpe dawa ya usingizi. Mashirika ya ndege humkataa mnyama aliyelevywa, na wana haki: dawa hushusha shinikizo la damu, huharibu uwezo wa mwili kurekebisha joto, na mnyama asiyejimudu hujigonga kreti inapoinama. Mbwa na paka wenye pua bapa wako hatarini zaidi, wengi hawapokelewi kabisa, na anayepokelewa apewe kreti kubwa zaidi kwa asilimia 10.

Kama una uhuru wa kuchagua mwezi, safiri wakati wa kusi, Juni hadi Agosti. Joto la kaskazi mwezi Februari huwafanya wanaopokea mizigo kukataa wanyama mchana. Ndege ya usiku ndiyo bora.

Siku kumi za mwisho

Cheti cha afya cha Ulaya kinaishi siku 10 tangu kutolewa hadi ukaguzi wa kuingia, kwa hiyo hakitafutwi mapema. Anza na daktari wa mifugo wa halmashauri, umweleze miezi miwili kabla, akuongoze kwenye kibali cha kusafirisha nje cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Malipo ni kwa kontroo namba, na risiti yake ni sehemu ya faili. Cheti kiwe kwa Kiingereza na lugha ya nchi unayoingilia: ukiingilia Amsterdam ni Kiholanzi, hata kama unakwenda Ujerumani. Sahihi na muhuri viwe vya rangi tofauti na maandishi, kwa hiyo beba kalamu ya buluu. Kila ukurasa ukaguliwe hapohapo mezani kabla hujaondoka, kwa sababu kufutafuta kwa kalamu bila muhuri pembeni kunatosha kukirudisha. Kurasa zote mbilimbili, nakala kwenye simu, nakala kwa mtu aliyebaki Tanga.

Barabarani hadi Dar es Salaam

Ni kilomita 350 hivi, na basi halifai. Kodi gari lenye kiyoyozi. Mwambie dereva tangu mwanzo kwamba abiria ni mbwa. Kwa Waislamu wengi wa Tanga mate ya mbwa ni najisi, na si haki mtu kushtukizwa alfajiri mlangoni kwako. Tandika turubai na shuka, mbwa abaki ndani ya kreti, na usimpe dereva kazi ya kumshika. Ukiwa mwungwana mapema hutakosa gari.

Ondokeni saa 10 alfajiri. Pumzikeni Segera kwa maji na mkojo, mkanda ukiwa umefungwa shingoni kabla mlango haujafunguliwa. Paka hatolewi kabisa njiani. Msata mnaweza kukata kushoto mkapitia Bagamoyo, mkaepuka malori ya Chalinze. Laleni Dar es Salaam usiku mmoja, kwa sababu kuunganisha barabara na ndege siku hiyohiyo ni kumchosha mnyama na kujiwekea rehani kwa pancha moja.

Chakula cha mwisho kiwe kidogo, saa nne hadi sita kabla ya kukabidhi. Maji apewe hadi dakika ya mwisho. Bakuli moja ligandishwe usiku: barafu haimwagiki wakati wa kupakia, na inayeyuka polepole akiwa angani. Kwa mzigo, fika mapema kama wakala wa mizigo ya ndege alivyokuandikia, na usikubali njia yenye kituo zaidi ya kimoja.

Akishafika

Siku ya kwanza atakunywa sana na kula kidogo. Mpe chakula kilekile alichozoea. Ndani ya wiki mpeleke kwa daktari na faili lake lote, na umwambie waziwazi ametoka pwani ya Afrika Mashariki, apimwe ehrlichia, babesia na minyoo ya moyo. Daktari wa Berlin hawezi kuyawaza magonjwa hayo mwenyewe akiona homa mwezi wa tatu. Paka akae chumba kimoja, na sanduku la mchanga na ile kanga, hadi aanze kulala katikati ya kitanda badala ya chini yake. Hapo ndipo umfungulie nyumba iliyobaki.